Meli ya Angani Iliyokuwa Ikija Chiwata

 

Mazungumzo ya leo ni ya ndege za manowari na watu wanaozihudumia. Mtu wa Chiwata ana haki ya kuuliza: sisi na manowari, wapi na wapi? Bahari iko Lindi na Mtwara, huku kwetu ni mikorosho, mihogo na mwinuko. Ni swali zuri, na jibu lake lina tarehe. Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la majini la Ujerumani lilirusha chombo cha angani kutoka mji wa Jamboli, nchini Bulgaria. Kiliitwa L59. Ndani yake walikuwamo watu 22 na shehena ya karibu tani 15, na safari yao ilikuwa iishie hapa, juu ya uwanda wa Makonde.

Hakikufika. Lakini mpango ulikuwepo, na mimi naamini kwamba jambo lililopangwa juu ya ardhi yetu na juu ya vichwa vya wazee wetu, hata kama halikutimia, ni sehemu ya historia yetu.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa kazi hatutaielewa safari ile. Wazee mnaokumbuka Januari 1964 mnaijua habari ya maasi ya askari katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Maasi yalianza tarehe 20. Mwalimu Nyerere akaomba msaada wa Uingereza, na alfajiri ya tarehe 25 helikopta zilipaa kutoka kwenye manowari ya kubebea ndege iitwayo Centaur, iliyokuwa imetia nanga nje ya Dar es Salaam baada ya kuja mbio kutoka Aden. Zilibeba wanajeshi wa kikosi cha majini, zikawashusha pale kambini. Watu wa Dar waliziona helikopta. Ambacho hawakukiona ni sitaha zilikopaa.

Sitaha ya manowari ya namna hiyo ni mahali pa kazi ngumu sana. Kuna upepo usiokoma, harufu ya mafuta ya taa ya ndege, na makelele yanayofanya sauti ya mtu isifae kitu, ndiyo maana watu huelewana kwa ishara za mikono. Katika manowari za Marekani kila kazi ina rangi yake ya shati: wanaoongoza ndege huvaa njano, wa mafuta huvaa zambarau, wa mabomu na risasi huvaa nyekundu, ili mtu atambulikane kwa mbali hata kama sauti yake haisikiki. Kuna wa kufunga ndege kwa minyororo isiteleze meli inapoyumba, na kuna wa kuweka vizuizi kwenye magurudumu na kuviondoa wakati ule ule unaotakiwa. Na kabla ndege hazijaanza kuruka, watu hujipanga bega kwa bega, upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, wakatembea polepole wakiwa wameinama, wakiokota kila msumari, kila kipande cha waya, kila kijiwe. Kipande kidogo cha chuma kikivutwa na injini ya ndege kinaiharibu, na rubani anaweza kufa.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu rubani ndiye anayeandikwa, na waliookota misumari hawaandikwi. Ndege ya manowari haiishi angani, huenda huko kwa saa chache tu. Inaishi mikononi mwa watu walio chini yake.

Sasa turudi 1917. Ile L59 ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 226. Centaur, manowari nzima ya chuma, ilikuwa na karibu mita 225. Yaani wasikilizaji, kilichokuwa kikija kwetu kilikuwa chombo chenye urefu wa manowari ya kubebea ndege, kikielea hewani kwa nguvu ya gesi ya haidrojeni, kikisukumwa na injini tano. Kilikuwa na nahodha wake, Ludwig Bockholt, kikawa na mabaharia wa zamu, na hata fundi wa matanga, ambaye kazi yake ilikuwa kuitunza mifuko ya gesi isivuje.

Kwa nini kije huku? Oktoba ya mwaka huo, tarehe 15 hadi 18, palipiganwa vita vikali sana Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi. Waingereza, ambao wengi wa askari wao walikuwa Waafrika, wakiwemo watu wa Nigeria, walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa. Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck walisimama imara, lakini walibaki na risasi chache na dawa chache. Wakarudi nyuma wakafika Chiwata. Kwinini ilikuwa inakwisha, chakula kinakwisha, na wagonjwa wamejaa. Huko Ulaya palikuwa na tabibu, Max Zupitza, aliyekuwa amefanya kazi katika makoloni, na yeye ndiye aliyetoa wazo: meli ya bahari haiwezi kupenya kwa sababu Waingereza wameifunga pwani, basi ipelekwe meli ya angani. Zupitza mwenyewe alipanda chombo hicho.

Shehena ilikuwa bunduki za rashasha 30, risasi zaidi ya laki tatu, na magunia ya dawa na vitambaa vya kufungia vidonda. Tena chombo chenyewe kilikuwa sehemu ya shehena. Huku hapakuwa na haidrojeni ya kukijaza upya, kwa hiyo hakikutarajiwa kurudi. Kitambaa cha nje kilikusudiwa kuwa mahema. Kitambaa cha mifuko ya ndani kingekuwa bendeji. Ngozi ya njia ya kupitia watu ndani ya chombo ingeshonwa viatu. Mifupa yake ya madini mepesi ingejengewa vibanda na kutengenezewa machela. Waliowaza hivyo walikuwa watu makini, waliohesabu mpaka uzi.

Lakini kuna jambo moja ambalo huwa silikuti likijadiliwa kila ninaposoma habari za safari hii. Chombo cha namna ile hakitui kama ndege inayotua Mtwara. Kule kwao Ujerumani kilihitaji mamia ya watu chini, wanaodaka kamba zinazoshushwa, wanaovuta kwa pamoja, wanaozuia upepo usikipindue. Haidrojeni nayo hushika moto kwa cheche moja. Nani angeshika kamba hapa Chiwata?

Wazungu waliokuwa na Von Lettow walikuwa mamia machache, wengi wao wagonjwa. Askari wake walikuwa kwenye mahandaki wakimzuia adui aliyekuwa akija kutoka pande zaidi ya moja. Mikono iliyobaki ni ya wapagazi. Ni wale waliochukuliwa kutoka vijijini, wengine kwa kushurutishwa wazi, waliotembea na jeshi lile kutoka kaskazini mpaka kusini, pamoja na waliokusanywa njiani katika nchi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao. Hakuna aliyewafundisha kudaka kamba za chombo cha angani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kwamba kinakuja. Von Lettow mwenyewe hakuwa akikisubiri, maana mawasiliano yake na Ulaya yalikuwa yamekatika.

Tuseme kimetua salama. Tani 15 ziko chini, na adui yuko karibu. Mzigo wa mpagazi katika vita vile ulikuwa kama kilo 25. Tani 15 zigawe kwa kilo 25, unapata mizigo 600. Ni vichwa 600 vyenye ngata, na watu 600 wanaohitaji kula na kunywa juu ya uwanda ambao mpaka enzi za bibi zetu maji yalifuatwa mabondeni na kupandishwa mlimani. Huko Berlin hesabu ya shehena iliishia pale chombo kinapogusa ardhi. Kwa mtu wa Chiwata, hesabu ndipo ilipoanzia.

Haikuwa mara ya kwanza kwa vyombo vya angani vya wanamaji kuegemea mikono ya watu wa nchi hii. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta ndege za kuelea juu ya maji, kwanza kwenye kisiwa cha Niororo, baadaye Mafia. Joto la kwetu lilizitesa: gundi iliachia, mbao za mapangaboi zilipinda, na ndege nyingine zilishindwa kupanda juu kabisa. Ikabidi zije aina nyingine, na kiwanja kikafyekwa Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya delta wakizielekeza manowari mbili, Severn na Mersey, mahali pa kupiga. Ndege yao ilipigwa, lakini Arnold aliendelea kutuma maelekezo huku wanaanguka, wakatumbukia mtoni karibu na Mersey, na wote wawili wakapona. Nasema kwa dhati, huo ulikuwa ushujaa.

Königsberg ikafa siku hiyo. Mizinga yake 10 haikufa. Wajerumani waliitoa majini, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za mamia ya watu, na baadhi yake ikaburutwa mpaka huku kusini. Hebu fikiria mzinga wa manowari, chuma kilichotengenezwa kikae juu ya sitaha, kikivutwa kwa kamba kwenye mchanga na matope na watu waliofunga kaniki kiunoni. Majina ya Cull na Arnold tunayo. Ya waliokokota mizinga hatuna.

L59 nayo iliendelea na safari. Ilikuwa imejaribu kuondoka mara mbili kabla ya hapo katika mwezi huo huo ikashindwa. Mara hii ilivuka Uturuki, ikapita karibu na Krete ndani ya dhoruba ya radi, ikaingia Afrika usawa wa jangwa la Libya na Misri. Mchana hewa ya moto ya jangwani iliirusha juu na chini mpaka mabaharia waliozoea bahari wakashikwa na kichefuchefu. Mng'ao wa mchanga uliwaumiza macho na vichwa, wengine wakaanza kuona visivyokuwepo. Usiku ukaleta baridi kali. Injini moja ilipasuka kasha la gia ikazimwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kutuma simu ya upepo, kwa hiyo kuanzia hapo waliweza kupokea habari lakini hawakuweza kujibu. Gesi ilipopoa usiku chombo kikashuka ghafla, ikabidi watupe farumi na sehemu ya shehena ili kisigonge milima. Siwezi kuwabeza watu hao. Walifanya kazi ngumu kwa saa nyingi bila usingizi, katika chombo ambacho cheche moja ingewamaliza wote.

Saa za usiku wa manane, kuamkia tarehe 23 Novemba, walipokuwa magharibi ya Khartoum, simu ya upepo kutoka kituo cha Nauen, Ujerumani, ikawafikia: acheni, rudini. Sababu iliyotajwa ni kwamba adui ameshaishika sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, na Kitangari imekwisha kuchukuliwa. Ndugu zangu wa Kitangari, jina la kijiji chenu lilisomwa usiku ule juu ya jangwa la Sudan, na kwa sababu yake chombo chenye urefu wa manowari kikageuza.

Kuna watu wanaosema kwamba Waingereza ndio walioitunga simu hiyo kwa hila. Ni hadithi tamu, lakini amri ilitoka kwa Wajerumani wenyewe. Chiwata ilikuwa imeanguka katikati ya mwezi. Von Lettow alikwenda Nambindinga, na huko akafanya uamuzi ambao hata leo ukiutafakari unatisha: akawaacha nyuma wagonjwa na wote wasioweza kutembea kwa haraka, akaendelea na wachache wenye nguvu kupitia Newala kuelekea Ruvuma. L59 ilitua tena Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba. Ilikuwa imekaa hewani saa 95 mfululizo na kusafiri kilomita 6,757, na matangi yake bado yalikuwa na mafuta.

Tarehe hiyo hiyo, 25 Novemba 1917, Von Lettow alivuka Ruvuma pale Ngomano akaishambulia ngome ya Wareno. Aliishinda. Akapata humo bunduki, dawa, na risasi kwa mamia ya maelfu. Kile ambacho hakikushuka kutoka mbinguni kilipatikana ng'ambo ya mto siku ile ile chombo kinarudi kwao. Nani alikibeba? Ni wale wale. Walikibeba kupitia Msumbiji, wakarudi nacho Tanganyika, wakaingia nacho Rhodesia ya Kaskazini, mwaka mzima, mpaka Von Lettow aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918.

Wapo wanaosema kama L59 ingefika vita vingerefuka na sisi tungeumia zaidi, kwa hiyo tushukuru. Kwa miaka mingi na mimi nilikuwa na fikra za namna hiyo, na bado sizikatai moja kwa moja. Ila nikiitazama Ngomano naona shukrani hiyo ina mipaka. Mzigo ulitafuta vichwa ukavipata. Upande wa Waingereza pia mambo yalikuwa hayo hayo, tena kwa wingi mkubwa zaidi: waliwaandika wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko, na waliokufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi, kwa hesabu ya serikali yao wenyewe ni karibu 95,000. Watafiti wa baadaye wanaona walikuwa wengi zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kila siku watu hununua nyanya na kanga pale.

Ukienda Dar es Salaam, pale katikati ya mji, utaiona sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, na ni haki watajwe. Lakini aliyesimama juu amechongwa na bunduki, hakuchongwa na ngata. Na jina la mtu hakuna.

Nahodha Bockholt na mabaharia wake walikufa tarehe 7 Aprili 1918. L59 ilikuwa ikielekea kuishambulia Malta, ikalipuka moto juu ya bahari karibu na Otranto, hakupona mtu. Walikuwa 21. Ukitaka kujua nani alikuwa usukani na nani alikuwa kwenye injini, daftari za jeshi la majini zipo, waweza kuuliza ukajibiwa.

Sasa ninawaomba ninyi mnaonisikiliza. Mzee mliye naye nyumbani huenda hakuviona vita vile, miaka imepita zaidi ya mia, lakini huenda alilelewa na babu aliyeviona. Muulizeni mambo madogo. Babu alichukuliwa kutoka kijiji gani, na alichukuliwa na nani, Mjerumani au Mwingereza? Alibeba nini? Alilipwa kwa fedha gani, au hakulipwa? Ni nani katika ukoo alikwenda asirudi, na jina lake lilikuwa nani, na alipewa nani arithi jina hilo? Msimwambie kwanza mnachokijua ninyi, mwacheni aseme. Mwenye simu arekodi, asiye nayo aandike, tarehe na jina la mzee viwekwe juu ya karatasi. Kwa walioko Chiwata na Nambindinga, kama kuna mahali wazee wanapaita kambi ya Mjerumani, au handaki, au makaburi ya wapagazi, nendeni mkaone sasa kabla trekta halijapita na mikorosho mipya haijapandwa.

Vileteni hapa kituoni, au mpeni mwalimu wa historia wa sekondari iliyo karibu avilete. Nitavisoma hewani jina kwa jina, kama vilivyoletwa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakwenda Newala, kwa Wareno waliolichukua boma mwaka 1916 na kulipoteza kabla ya mwezi wa Desemba kuingia.